Ukiiongezea injini nguvu, iambie na giaboksi

"Kaka, nataka gari litoke." Ndivyo wanavyoanza karibu wote wanaoniletea magari hapa Ngamiani, Tanga, na maana yao inaeleweka: wakikanyaga lichanganye, liweze kulipita lori la saruji linalotoka Pongwe kabla kona haijafika. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na miaka ya karibuni kazi yangu kubwa imekuwa kufungua programu za kompyuta za magari na kuziandika upya. Kazi hii naipenda. Ndiyo maana inaniuma kuona inavyofanywa nusu: mtu anaongezewa nguvu ya injini, analipa, anafurahi mpaka Segera, halafu miezi michache baadaye anatafuta giaboksi ya mtumba. Giaboksi yake haikuwa mbovu. Hakuna aliyeiambia kwamba injini imebadilika.

Ndani ya kompyuta ya injini kuna majedwali. Ukiyafungua kwenye laptopu unaona safu za namba: upande mmoja mzunguko wa injini kwa dakika, upande wa pili mzigo, na kila kisanduku kina jibu lake. Jedwali moja linasema nozeli zifunguke kwa muda gani, jingine plagi iwashe nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu, jingine tabo (feni inayozungushwa na moshi wa eksozi) isukume hewa kwenye injini kwa presha gani. Petroli huungua kikamilifu kwa kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Ukiwa unatembea taratibu Raskazone, kompyuta hulenga hapo hapo, ikisahihishwa na sensa ya oksijeni iliyo kwenye eksozi. Ukikanyaga mpaka chini inaiacha hesabu hiyo na kuongeza mafuta, hewa ikawa mara 12 hadi 13 tu kwa injini isiyo na tabo na pungufu ya hapo kwa yenye tabo, kwa sababu mafuta ya ziada hupooza chumba cha mwako. Kutyuni ni kuziandika upya namba hizo.

Namba za kiwandani zimeandikwa na watu wanaojua kazi, nao huacha akiba. Katika Japani watengenezaji walikubaliana tangu 1989 kutotangaza injini ya zaidi ya nguvu za farasi 280, makubaliano yaliyodumu mpaka 2004, na baadhi ya injini za tabo za kipindi hicho zilikuwa na uwezo mkubwa kuliko ulioandikwa kwenye karatasi. Humo ndimo anamochota fundi wa programu. Lakini akiba ile ina kazi nyingine pia: ipo kwa ajili ya siku ya joto kali, kwa ajili ya mafuta hafifu, kwa ajili ya mlima mrefu gari likiwa limejaa. Tanga tuna vyote vitatu. Kabla hujaichota akiba, uliza imebaki kiasi gani.

Nianze na mafuta, maana hapo ndipo wengi hawapatazami. Kiwango cha Japani kina madaraja mawili ya petroli: ya kawaida yenye okteni (kipimo cha petroli kuhimili presha bila kujilipukia) isiyopungua 89, na ya juu isiyopungua 96, ambayo vituoni kwao huuzwa ikikaribia 100. Forester ya tabo, Impreza WRX, Mark II ya tabo, hata Altezza yenye injini ya 3S-GE, zote zilipangiwa daraja la juu. Likishuka bandarini gari hilo linajazwa kinachopatikana kituoni. Na sisi tuna historia yetu ya uchakachuaji: petroli na dizeli zilichanganywa mafuta ya taa mpaka serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili faida ya kuchanganya iondoke. Mafuta ya taa hushusha okteni. Okteni ikishuka, mchanganyiko ambao moto wa plagi haujaufikia hujilipukia wenyewe kwa joto na presha, na hilo ndilo tunaloliita kugonga, au mgongo. Injini yenye tabo ikigonga sana kwenye mzigo mkubwa, pistoni inapasuka.

Wahandisi wa Subaru walilijua hilo. Kwenye bloku kuna sensa inayosikiliza mgongo, na kompyuta inaposikia inarudisha nyuma muda wa plagi, halafu inakumbuka. Safari nyingine ikifika kwenye mzunguko ule ule na mzigo ule ule inaanza na tahadhari. Mafuta yakiendelea kuwa hafifu inashusha kila kitu, na gari linakuwa zito bila taa yoyote kuwaka. Mwenye gari anasema limechoka, anataka programu mpya. Nikichomeka mashine ninaona namba za kujilinda zimejaa kila mahali. Gari la namna hiyo linahitaji mafuta bora na kuchunguzwa kwanza. Kulizidishia presha ya tabo ni kuliziba mdomo lisilalamike.

Kuchunguzwa kwenyewe si kazi ya kujivunia mtandaoni lakini hakuna njia ya kuikwepa. Mpira wa intakula, kile kipoza hewa ya tabo, uliopasuka. Sensa ya hewa iliyojaa mafuta ya eya klina. Plagi bandia zenye jina zuri kwenye boksi. Pampu ya mafuta iliyochoka. Vumbi jekundu la barabara za mashambani Muheza linajua njia ya kupita penye kifuniko kisichobana. Nimewahi kurudisha wateja waliokuja na pesa mkononi, nikawaambia wabadilishe koili na plagi kwanza, na baadhi hawakurudi kwa sababu gari lilikuwa limeamka. Kwangu hiyo ni kazi iliyofanyika vizuri.

Joto nalo. Januari hadi Machi hapa mjini hewa inapita nyuzi 30 na unyevu wa bahari umejaa ndani yake. Hewa ya moto ni nyepesi, haina oksijeni nyingi, na hukaribisha mgongo. Forester imeweka intakula juu ya injini. Ukisimama kwenye foleni ya soko inachemka kama bati la paa, na dakika za kwanza ukiondoka tabo inapeleka hewa ya moto kabisa. Programu iliyoandikwa kwa nchi ya baridi haikutegemea mchana wa aina hii. Ninapoandika upya majedwali huwa naanza na marekebisho ya joto la hewa inayoingia, kabla ya kugusa presha, na sijui mafundi wengi wanaofanya hivyo.

Kuna njia ya mkato inayouzwa sana: kisanduku kidogo kinachofungwa kati ya sensa na kompyuta, kikaigeuza ishara inayopita. Kompyuta yenyewe haifunguliwi, inadanganywa. Lazima nilieleze hili vizuri kwa sababu madhara yake yamefichika. Tuseme injini inamwaga mafuta mengi mno na unataka yapungue. Kisanduku kinaiambia kompyuta kwamba hewa inayoingia ni kidogo kuliko ilivyo. Kompyuta inapunguza mafuta, sawa. Lakini hewa ile ile ndiyo inayotumika kuhesabu mzigo, na mzigo ukionekana mdogo, jedwali la plagi linawasha mapema zaidi. Umepunguza mafuta na wakati huo huo umesogeza moto mbele, mambo mawili yanayoleta mgongo, yote kwa uongo mmoja. Visanduku vya dizeli hufanya kazi kwa mtindo huo huo kwenye sensa ya presha ya reli, bomba linalogawia nozeli dizeli: kompyuta inaamini presha iko chini, inaipandisha, na pampu na nozeli zinabeba kilichozidi. Kwa Toyota nyingi za zamani ambazo kompyuta zake hazifunguki kirahisi kisanduku kinaweza kuwa njia pekee, na akikifunga mtu anayepima si kibaya. Akikifunga asiyepima, afadhali gari libaki lilivyo.

Sasa giaboksi, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Giaboksi ya otomatiki ina pakiti kadhaa za sahani nyembamba zenye ngozi ya msuguano, zimelowa oili, na kinachozibana ni presha ya oili hiyo hiyo inayotoka kwenye pampu. Presha ikiwa ndogo kuliko nguvu inayopita, sahani zinateleza. Ikiwa kubwa mno, gia inaingia kwa kishindo na pampu inakula nguvu bure. Kwa hiyo kompyuta ya giaboksi muda wote inakadiria injini inazungusha kwa nguvu kiasi gani, kisha inaagiza solenoidi, yaani valvu ya umeme, ipange presha ya kutosha. Ni makadirio tu, maana kwenye magari yetu haya hakuna sensa inayoipima nguvu hiyo moja kwa moja. Yanatokana na mkao wa throto (mlango wa hewa ya injini), mzunguko wa injini na taarifa ya mzigo kutoka kompyuta ya injini, na yote yanalinganishwa na jedwali lililoandikwa kwa injini ile iliyotoka kiwandani.

Ukiipandisha presha ya tabo, injini inaweza kuongeza robo ya nguvu yake. Giaboksi bado inaamini jedwali la zamani. Inabana kwa presha ya zamani, na sahani zinateleza kidogo kila gia inapobadilika, muda mfupi ambao dereva hausikii. Kwenye gari la manyuo klachi ikiteleza utanusa, utaona resi zinapanda gari haliendi. Otomatiki inaficha. Kile kidogo kinageuka joto, joto linaunguza oili, oili iliyoungua haishiki vizuri, mteleze unaongezeka. Na wale wanaofunga kisanduku cha kudanganya mzigo wanafanya vibaya zaidi, maana kwa magari ambayo giaboksi inategemea hesabu hiyo hiyo ya mzigo, presha inashushwa wakati nguvu imepandishwa.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi. Gia inapobadilika, kompyuta ya giaboksi inaiomba ya injini ipunguze nguvu kwa muda mfupi sana, nayo hufanya hivyo kwa kuchelewesha plagi. Ndiyo maana gia huingia laini. Kuna wanaoliondoa ombi hilo ili gia iingie kwa teke, na vijana wanalipenda teke hilo, wanaliona ndiyo nguvu. Kinachopigwa teke pale ni sahani na shafti. Gari haliongezi hata farasi mmoja.

Mwaka jana alinijia mzee mmoja anayeishi Lushoto na kufanya shughuli zake huku mjini. Forester ya tabo, otomatiki ya gia nne, na programu yake ilikuwa imeandikwa upya katika mji mwingine. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia moja kwa moja kwenye shida: "Mwanangu, taa hii ya oili ya giaboksi inaniwakia nikikaribia Soni. Nikisimama dakika kadhaa inazima. Walioniandikia programu wanasema sensa."

Sensa ilikuwa nzima. Tulikwenda naye mpaka Mombo, tukapanda. Barabara ile inaondoka bondeni kwenye mita kama 400 na kufika Lushoto karibu mita 1,400, kona baada ya kona, kwa kilomita zipatazo 33. Huku juu presha ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ya ile ya Tanga mjini. Gari lisilo na tabo linapoteza nguvu tu, halina la kufanya. Lenye tabo linaweza kufidia, ila tabo inazunguka kwa kasi zaidi na kupeleka hewa ya moto zaidi. Nikirekodi kwa laptopu niliona mambo mawili. Presha ya tabo ilikuwa inaruka juu sana mapema, kwenye mzunguko wa 3,000 hivi, halafu inashuka. Na giaboksi ilikuwa inahangaika kati ya gia ya tatu na ya nne, inaingia, inatoka, na kila inapofanya hivyo toki konvata, kiungo cha injini na giaboksi, inafunguka. Toki konvata ikiwa wazi, injini na giaboksi vinaunganishwa na oili inayosukumana, na tofauti ya mizunguko yao yote inakuwa joto. Joto la oili lilipanda kona kwa kona mpaka taa ikawaka.

Hapa inabidi nieleze tofauti ambayo ningetamani kila anayetaka gari litoke aijue. Farasi hupatikana kwa kuzidisha nguvu ya kuzungusha kwa mzunguko: nyutoni mita mara mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 7,024. Nyutoni mita 380 kwenye mzunguko wa 3,200 ni farasi 173. Nyutoni mita 300 kwenye mzunguko wa 5,000 ni farasi 214. Ya pili ina farasi wengi zaidi, lakini sahani za giaboksi hazibani farasi. Zinabana nyutoni mita. Waliomwandikia mzee programu walimpa ule msukumo wa mapema unaomkandamiza mtu kwenye kiti, kwa kuwa ndio mteja anausikia akijaribu gari mtaani, na ndio huo unaovunja giaboksi.

Tulianza na oili. Ilikuwa ya kahawia, ina harufu ya kuungua. Ukifungua nati ya chini inatoka chini ya nusu, iliyobaki imekaa ndani ya toki konvata, kwa hiyo inabidi kumwaga, kujaza, kutembea, kumwaga tena. Na iwe oili iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Haidroliki nyekundu yoyote haifai. Toyota pekee ina T-IV na WS, uzito wake tofauti, na mafundi wanazichanganya kwa sababu rangi ni moja. Kisha tukafunga rejeta ndogo ya oili ya giaboksi mbele ya ile kubwa, oili ikitoka kwenye rejeta ya maji inapita humo ndipo inarudi. Ndipo nikafungua laptopu. Kompyuta ya giaboksi ya gari lile ni ya peke yake na haifunguki kwa vifaa vyangu, kwa hiyo ilibidi injini ndiyo iifuate giaboksi. Niliishusha presha ya tabo kule kwenye mzunguko wa chini ili msukumo uje taratibu, nikaiacha idumu zaidi kwenye 4,500 kwenda juu, nikarudisha plagi nyuma nyuzi kadhaa kwenye maeneo yaliyokuwa yanagonga, nikaongeza mafuta kidogo palipokuwa pakavu.

Mzee alipolijaribu alikaa kimya, akaniambia halisukumi kama mwanzo. Nikamwomba apande nalo mpaka nyumbani. Alinipigia akiwa Lushoto: halikuhangaika, taa haikuwaka, na kwenye mnyoosho wa juu ya Soni lilivuta kuliko lilivyowahi kuvuta. Nilimwambia pia aache kuiamini D kwenye mlima ule. Aweke 3 kuanzia Mombo, na kwenye gari lenye kitufe cha O/D, kile cha gia ya juu kabisa, akizime. Hilo ni tyuni la bure, na kwa wasiotaka kugusa programu kabisa nalipendekeza kabla ya kitu kingine chochote.

Magari mapya yanarahisisha kazi hii kwa upande mmoja. Giaboksi za klachi mbili za Volkswagen, zilizoanza kuuzwa 2003, na zile za gia nane za ZF zilizotoka 2009, programu zake zinafunguka, na fundi mwenye vifaa anaweza kuinua kikomo cha nguvu, kupanga presha ya kubana na kuchagua gia zibadilike wapi, injini na giaboksi kwa pamoja. Toyota nyingi za zamani zina kompyuta moja kwa vyote viwili, ila ndiyo hiyo isiyofunguka. Na zile otomatiki za mkanda wa chuma zilizojaa kwenye magari madogo mimi siziongezei nguvu hata nikiombwa vipi. Mkanda ukiteleza mara moja unaichubua puli, na puli iliyochubuka haina matengenezo. Zibadilishiwe oili yake kwa wakati, basi.

Ukimpelekea fundi yeyote gari litengenezwe programu, dai rekodi. Safari moja kabla, safari moja baada, kipande kile kile cha barabara, gia ile ile, na namba zionekane: hewa kwa mafuta, muda wa plagi, mgongo, presha ya tabo, joto la hewa, joto la oili ya giaboksi. Usipimiwe mbele ya nyumba za watu kwa mwendo wa kutisha. Mlima wa Soni kwa gia ya tatu unaonyesha kila kitu bila kuvunja sheria. Asiye na rekodi amekisia. Na dai faili la kiwandani, lile lililosomwa kabla chochote hakijaguswa. Wapo wanaolishikilia ili urudi kwao daima. Ni mali ya gari. Mimi huliweka kwenye flashi pamoja na lile jipya, naandika namba ya chesesi juu yake kwa kalamu ya wino mzito, nampa mwenye gari mkononi, ili fundi wa Arusha au wa Dar es Salaam aweze kulirudisha lilivyokuwa hata kama mimi sipatikani.